Thor Heyerdahl, mzee wa chelezo aliyeogopa maji

Wadau, kila nikivuka daraja la Kirumi nikirudi Musoma, nikaona yale mafunjo yalivyojaa Mto Mara, namkumbuka Thor Heyerdahl. Ngoja niwape kisa.

Jamaa alizaliwa Larvik, Norway, mwaka 1914. Utotoni aliponea chupuchupu kuzama, akawa anayaogopa maji kwelikweli. Mwaka 1937 akaenda na mkewe kuishi Fatu Hiva, kisiwa cha Pasifiki, na huko wazo likamkaa kichwani: wenyeji wa visiwa vile walitoka Amerika Kusini, sio Asia. Wataalamu wakambeza, eti vyombo vya kale vya Peru visingefika. Basi akafunga magogo 9 ya balsa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Tarehe 28 Aprili 1947 akaondoka Callao na wenzake 5 na kasuku. Baada ya siku 101 wakagonga mwamba wa Raroia, wote wazima, ila kasuku alishachukuliwa na wimbi njiani.

Sasa mafunjo. Mwaka 1969 alijenga mashua ya Ra kwa mafunjo ya Ziwa Tana, Ethiopia, na mafundi wa Ziwa Chad. Ikamvunjikia Atlantiki kabla ya kumaliza safari. Hakukoma: 1970 Ra II ikatoka Moroko hadi Barbados kwa siku 57. Ya mwisho, Tigris, aliichoma moto mwenyewe Djibouti, Aprili 1978, kupinga vita vya Pembe ya Afrika.

Ujasiri nampa. Ila alidai ustaarabu ule uliletwa na watu weupe wenye ndevu, na hapo ananichefua. Si ndio hao hao waliosema Zimbabwe Kuu haikujengwa na weusi? Halafu kufika ni kuonyesha kwamba inawezekana, sio kwamba ndivyo ilivyokuwa. Waluo wa Rorya tunajua walitoka kaskazini kwa sababu lugha yao ina ndugu huko Nile. Lugha za Wapolinesia nazo ndugu zake wako Asia, na vinasaba vinasema hivyo hivyo. Ingawa mwaka 2020 watafiti walikuta ndani yao chembe ya damu ya Amerika Kusini, ya tangu miaka ya 1200 hivi. Kwa hiyo mzee, aliyefariki Italia 2002 akiwa na miaka 87, hakukosa yote.

Kuanzia Bunda hadi Butiama kila ukoo una simulizi ya wazee waliotoka mbali. Nani yuko tayari tufunge mafunjo ya Kirumi, tujaribu mpaka Ukerewe? Mie nitabaki nchi kavu napiga picha.