James Dean kabla ya sinema

Wengi tunamjua James Dean kwa picha tu: koti jekundu, sigara mdomoni. Sisi tunapenda zaidi habari zake za shuleni, Fairmount, mji mdogo wa Indiana, Marekani.

Mama yake alifariki mwaka 1940, yeye akiwa na miaka 9. Alisafiri kwa treni kutoka California pamoja na jeneza la mama. Baba akabaki kule. Akalelewa shambani na shangazi yake na mumewe.

Shuleni alicheza mpira wa kikapu, ingawa bila miwani hakuona vizuri. Lakini mwalimu wa maigizo, Adeline Nall, alimwona jukwaani. Mwaka 1949 akashinda mashindano ya jimbo kwa kuigiza peke yake kisa cha mwendawazimu cha Charles Dickens. Kitaifa akawa wa sita. Mwaka huohuo, katika tamthilia ya darasa lake, alipewa nafasi ya babu. Kijana wa miaka 18!

Tarehe 30 Septemba 1955 alikufa kwa ajali ya gari, na miaka 24. Sisi tumeshaupita umri huo, na bado tu wanafunzi. Mwili wake nao ulirudishwa Indiana, akazikwa Fairmount.