John Browning: fundi wa bastola aliyejua kazi ya mdomo wa ganda la risasi

Tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 1926, Mmarekani John Moses Browning alifariki kwa ugonjwa wa moyo ndani ya kiwanda cha silaha cha FN, karibu na mji wa Liège, nchini Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Browning alizaliwa mwaka 1855 huko Ogden, Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki, na kijana alijifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 1879 alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, na mwaka 1883 kampuni ya Winchester ikainunua bunduki hiyo. Kuanzia mwaka 1897 alishirikiana na FN.

Kazi iliyompa sifa ni bastola inayojipakia yenyewe. Kila risasi inapolipuka, bastola hutupa ganda tupu na kusukuma risasi mpya toka kwenye magazini. Risasi mbaya ikiingia, silaha inakwama. Kwa hiyo Browning alitengeneza bastola pamoja na risasi zake.

Risasi yake ya .45 haina ukingo unaotokeza kwenye kitako. Ikiingia ndani ya mtutu, inasimama pale mdomo wa ganda unapogusa ngazi ndogo ya chuma. Hivyo mdomo huo una kazi mbili: kushika kichwa cha risasi na kuizuia risasi nzima isizame. Usipobanwa vya kutosha, unakwaruza njiani na risasi inakwama, ama kichwa kinasukumwa ndani na nguvu ya mlipuko inazidi kiasi. Ukibanwa kupita kiasi, risasi inazama na pengine hailipuki. Mpaka leo, wanaojaza tena maganda kwa mkono hubana mdomo huo kidogo tu, kisha hujaribu kila risasi kama inaingia vizuri.

Mwezi wa tatu 1911, jeshi la Marekani lilijaribu bastola yake kwa risasi 6.000. Ilipopata moto sana ilichovywa ndani ya maji, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja. Jeshi liliichagua mwezi huohuo na kuitumia zaidi ya miaka 70.

Lakini silaha isiyokwama haichagui mkono. Tarehe 28 mwezi wa sita 1914, huko Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, na mke wake Sophie, kwa bastola ya FN iliyobuniwa na Browning. Wiki chache baadaye vita kuu ya kwanza ikaanza.

Browning aliacha hati 128 za uvumbuzi na bastola moja ambayo haikuwa imekamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive aliimalizia, na mwaka 1935 FN ikaitoa. Majeshi ya nchi nyingi yaliibeba.