Waiyaki wa Hinga na karatasi za kampuni

Ile Waiyaki Way unayokwama jioni ukitoka Westlands ina jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa pande za Dagoretti.

Oktoba 1890, Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza, IBEA, alipiga kambi Dagoretti akajenga ngome. Yeye na Waiyaki wakala kiapo cha undugu wa damu. Kwa Waiyaki, mkataba ndio huo.

Lakini kampuni ilikuwa na karatasi zake, zimeandikwa tayari kwa Kiingereza, kazi ni kujaza jina la chifu tu. Ndani yake chifu anakabidhi mamlaka yote ya nchi yake. Naye anapata nini? Ulinzi, basi. Wakili wa leo angeirudisha hiyo karatasi mbio. Lugard mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba mikataba hiyo ilikuwa ulaghai mtupu, hakuna ambaye angeitia sahihi akiielewa, na kampuni haikuwa na nguvu za kumlinda yeyote.

Alipoenda Uganda, watu wa kampuni waliobaki wakaanza kunyang'anya wenyeji chakula. 1891 ngome ikaachwa, ikachomwa. Wakajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Huko ndiko Waiyaki alizozana na Purkiss, Agosti 1892, akajeruhiwa kichwani na kufungwa. Walimpeleka kuelekea pwani, akafia njiani, Kibwezi. Wazee husimulia kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa chini.