Nikola Tesla: Aliyevumbua rimoti, akafa bila kuifaidi

Ukiona ndege nyuki imepaa juu ya Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kupiga picha za sherehe, jua kuna mtu chini ameshika rimoti yenye vijiti viwili. Teknolojia hiyo ilianza 1898, na aliyeianzisha wengi wanamjua kwa jina la gari tu: Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 kijijini Smiljan, Croatia ya sasa, mtoto wa padri wa Orthodox. Alisoma uhandisi Graz, Austria, lakini hakumaliza. Mwaka 1884 akatua New York na kufanya kazi kwa Thomas Edison. Hakukaa hata mwaka, akaondoka.

Jina lake lilipanda kwa mota za umeme wa AC, aina ileile ya umeme unaotoka bwawa la Mtera hadi majumbani.

Mwaka 1898 akaja na jipya. Ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden aliweka boti ndogo majini, akaiendesha bila waya. Watu wakabaki midomo wazi. Wapo waliodai ni uchawi, wengine wakasema kuna nyani kafichwa ndani. Kumbe ni betri, mota na kipokezi cha mawimbi ya redio. Novemba 8 mwaka huo akapewa hataza namba 613,809.

Lakini shida ilikuwepo: mwenye mtambo mwingine wa redio angeweza kuivuruga boti. Tesla akabuni njia ya kutumia masafa mawili kwa pamoja. Yasipofika yote mawili, kifaa hakifanyi kitu. Hataza zake zilitoka 1903.

Rimoti za leo zinapambana na shida hiyohiyo. Kila mwendo una chaneli yake: kupanda na kushuka, kugeuka, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Rimoti inasoma kila kijiti kilipo, inapanga amri zote kwa foleni na kuzituma mara nyingi ndani ya sekunde moja, zikiwa na namba ya utambulisho. Kipokezi kinapeleka amri hizo kwa kompyuta ndogo ya ndege, nayo ndiyo inayoamua kasi ya kila mota. Namba ikiwa si yake, kinapuuza.

Rimoti nyingi pia zinarukaruka kwenye masafa tofauti ya gigahezi 2.4. Ndiyo maana ndege mbili zinaweza kuruka uwanja mmoja na kila moja ikamsikiliza mwenye nayo.

Tesla hakufaidi. Alitaka Jeshi la Majini la Marekani linunue wazo lake, halikuvutiwa. Hataza ya boti iliisha muda 1915, kabla biashara ya rimoti haijashika kasi, hivyo watengenezaji waliofuata hawakuwa na cha kumlipa.

Hakuoa wala kuacha mtoto. Miaka ya mwisho aliishi hotelini, akihama huku nyuma akiacha madeni. Alifariki Januari 7, 1943 akiwa na miaka 86, peke yake, chumba namba 3327 cha Hotel New Yorker.