Thabit bin Qurra na Hesabu 17,296

Katika wanavyuoni waliong'ara Baghdad zama za Bani Abbas, twapenda kumtaja Thabit bin Qurra. Yafaa tuseme mapema kuwa hakuwa Mwislamu. Alikuwa Msabia wa Harran, na aliishi katika dini hiyo mpaka alipokufa mwaka 288 wa Hijria, yaani 901 wa Miladi. Wako wamtiao katika safu ya Waislamu ili fahari izidi, nasi hatuoni haja ya fahari ya kuazima. Iliyo yetu yatosha: mji wa Khalifa ulimpokea ukamtukuza kwa elimu yake.

Alianza kwa kazi ya kuvunja fedha. Muhammad bin Musa bin Shakir, mmoja wa ndugu watatu mashuhuri kwa hisabu, akauona ujuzi wake wa Kisiria, Kiyunani na Kiarabu, akamchukua Baghdad. Huko alifasiri mengi. Sehemu ya tano hata ya saba ya kitabu cha Apollonius imepotea kwa Kiyunani. Ulimwengu unayo kwa Kiarabu cha Thabit. Khalifa al-Mu'tadhid naye alimweka karibu katika wanajimu wake.

Lakini tutakalo hasa ni hesabu zipendanazo. Chukua 220, ukusanye hesabu zote ndogo kuliko yeye zimgawanyazo bila ya kubakisha: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Utapata 284. Fanya hivyo kwa 284, utarudi 220. Wayunani waliijua jozi hii moja, wala hawakuacha njia ya kupatia nyingine. Thabit aliitoa njia, akaithibitisha kwa burhani.

Tazama, msomaji. Shika 8 na 16. Tatu mara 8 toa moja ni 23. Tatu mara 16 toa moja ni 47. 8 mara 16 ni 128, na tisa mara 128 toa moja ni 1,151. Zote tatu ni tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi zao. Basi 16 mara 23 mara 47 ni 17,296, na 16 mara 1,151 ni 18,416. Hesabu 17,296 ina vigawo 19 vilivyo chini yake, na jumla yao ni 18,416 kamili. Mwenzake ana tisa tu, navyo vyarudisha 17,296. Ukianza kwa 4 na 8 hupati kitu, kwa kuwa ya tatu hutoka 287, nayo ni 7 mara 41.

Jozi hiyo ameitaja Kamal al-Din al-Farisi, aliyeishi mpaka mwanzo wa karne ya 14 ya Miladi. Fermat wa Ufaransa aliitoa mwaka 1636, na vitabu vingi vikaiita kwa jina lake. Mwaka 1638 Descartes akatoa 9,363,584 na 9,437,056, ambayo pia hutoka katika kanuni ya Thabit. Mpaka leo kanuni hiyo haijulikani kutoa jozi ya nne.