Charles Spearman, askari aliyechunguza pointi za wanafunzi

Juu ya nini ule anayepata pointi nzuri katika hesabu mara nyingi anazipata pia katika Kifaransa? Mtu mmoja alitumia maisha yake kwa kutafuta jibu.

Charles Spearman alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1863. Alikuwa kwanza ofisa wa jeshi, lakini katika 1897 aliacha ile kazi na kwenda Leipzig, Ujerumani, kwa profesa Wilhelm Wundt, kujifunza elimu ya akili ya mtu. Vita ya Afrika ya Kusini ikamrudisha jeshini. Hakukata tamaa. Doktora yake aliipata mwaka 1906, akiwa amepita miaka 40.

Hata mbele ya kuipata, katika 1904, alikuwa ametoa andiko lililomjulisha kwa wengi. Alichukua pointi za wanafunzi wa shule moja, akalinganisha somo na somo. Katika kipimo chake, 1 maana yake masomo mawili yanafuatana kabisa. 0 maana yake hayafuatani hata kidogo. Kifaransa pamoja na Kilatini na Kigiriki: 0,83. Muziki pamoja na hizo lugha mbili za zamani: 0,63. Kumbe masomo yote yalikuwa yanatembea pamoja!

Spearman akawaza hivi: nyuma ya pointi kuna nguvu moja isiyoonekana, kama vile mzizi unavyolisha matawi yote. Akaiita kwa herufi moja tu, g. Tena kila somo lina kipawa chake cha pekee. Kutoka hapo zilizaliwa njia ambazo wachunguzi wanatumia hata leo kwa kupima mambo yasiyoonekana kwa macho, kama vile hofu ao kupenda masomo, na kufuata namna yanavyokua mwaka kwa mwaka.

Wengine walimpinga. Katika 1916 Godfrey Thomson alionyesha kwamba hesabu kama zile zinaweza kutokea bila ile nguvu moja. Miaka ya 1930, Mmarekani Louis Thurstone alifundisha kwamba vipawa vya akili ni vingi. Ubishi huo haujaisha.

Spearman alifundisha London mpaka 1931, akafariki mwaka 1945.

Basi, wenzetu, pointi ni dalili tu ya kitu kilichofichwa, na hata wenye elimu hawapatani juu yake. Tusiharakishe kumwita mwenzetu mjinga siku ya kusoma matokeo.