Guillaume, mtoto wa fundi saa aliyetafuta chuma kisichoogopa joto

Mafundi wa saa wa zamani walikuwa na adui mmoja: joto. Ndani ya saa ya mkono kuna resori nyembamba kama unywele, inayorudisha gurudumu dogo huku na huku. Jua likiwa kali, resori ya chuma cha kawaida inalegea na saa inachelewa. Kwa kila digrii moja inayopanda, saa iliweza kupoteza sekunde 10 hivi kwa siku.

Charles-Édouard Guillaume alizaliwa mwaka 1861 kule Fleurier, Uswisi, baba yake akiwa fundi saa. Lakini yeye alisoma fizikia, na mwaka 1883 akaanza kazi katika ofisi ya kimataifa ya vipimo, pale Sèvres karibu na Paris.

Pale, mita ya mfano ilitengenezwa kwa platini na iridi, madini ya bei kali sana. Guillaume akatafuta kitu cha bei nafuu. Akachukua chuma kilichochanganywa na nikeli, akaomba kiwanda cha Imphy, Ufaransa, kimtengenezee vipande vingi, kila kimoja na kiasi chake. Akavipima kimoja kimoja. Mwaka 1896 akafika kwenye asilimia 36 ya nikeli: kumbe chuma hicho kikipata joto kinatanuka karibu mara 10 chini ya chuma cha kawaida! Kikaitwa invar.

Kwa saa kubwa za pendulumu, fimbo ya invar ilisaidia sana. Kwa resori ya saa ya mkono, hapana. Sababu kutotanuka ni jambo moja, kutolegea ni lingine. Guillaume hakuchoka. Akaongeza kromu, asilimia 12 hivi, akapata elinvar, ambayo nguvu yake karibu haibadiliki joto likipanda. Hapo hata saa ya bei ndogo ikaweza kushika wakati vizuri.

Aliendelea kuipima invar miaka na miaka, akaona inarefuka yenyewe polepole. Hakuficha kasoro hiyo ya chuma chake mwenyewe, akaitangaza. Ndiyo maana invar haikuchukua nafasi ya mita ya platini.

Mwaka 1920 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Aliongoza ofisi ya Sèvres toka 1915 mpaka 1936, na akafariki palepale mwaka 1938.